Kisu Ambacho Hakikufika Mahakamani

Kilikuwa kisu kidogo cha mfukoni. Askari walisema walikipapasa kwenye kaptula ya Kuruma mwana wa Kaniu, pamoja na risasi mbili, alipofika penye kizuizi cha barabarani wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya. Risasi zilifika mahakamani zikawa vielelezo. Kisu hakikuonekana. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwenyewe alirudishiwa. Mtu anashtakiwa kwa kosa la kunyongwa, yuko mikononi mwa dola, kisha anarudishiwa kisu?

Sikuwa nikitafuta kisu. Nilikwenda kwa wakili mmoja wa kesi za jinai mjini Mombasa, mama ambaye ametetea makarani, walimu wakuu na askari wa barabarani, nikamwuliza habari za simu: je, sauti iliyorekodiwa kwa siri yaweza kumfunga mtu? Hakunijibu. Alinipa hukumu ya kesi ya Kuruma ya Desemba 1954 akaniambia niisome kwanza, kwa sababu bila hiyo maswali yangu yote ya simu yangeelea hewani. Tangu hapo, kila nikiisoma nakwama palepale penye kisu.

Kuruma alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu, akielekea kwao kwa ruhusa ya mwajiri wake. Zilikuwapo njia nyingine zisizo na kizuizi, naye alipita penye kizuizi. Mwenye risasi mfukoni angechagua njia hiyo? Kanuni za dharura zilisema kukutwa na risasi ni kifo. Kanuni hizo hizo zilisema pia kwamba mwenye mamlaka ya kumpekua mtu ni afisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi wa polisi kwenda juu, na waliompekua Kuruma hawakufikia cheo hicho. Watu wengine waliosemekana kuwapo hawakuitwa kutoa ushahidi. Yeye alikana kwamba risasi zilipatikana kwake. Akahukumiwa kifo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikakubali, na shauri likavuka bahari hadi Baraza la Faragha, London.

Huko Lord Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza, aliandika sheria ambayo baadaye ilisomwa kila pembe ya himaya: mahakama huuliza kama ushahidi unahusu jambo linaloshindaniwa, na namna ulivyopatikana si kazi yake. Aliegemea kauli ya jaji wa mwaka 1861 kwamba hata ushahidi wa kuiba hupokelewa. Aliacha upenyo mmoja, kwamba jaji aweza kuukataa ushahidi ukimwonea mshtakiwa, kwa mfano akiwa amelaghaiwa hadi akautoa mwenyewe. Rufani ya Kuruma ilitupwa. Kisha majaji wa Baraza hilo hilo wakaongeza kwamba mambo fulani ya kesi hiyo yaliwatia wasiwasi, na kwamba wangeyafikisha kwa Waziri wa Makoloni. Kisu ni mojawapo.

Jambo hili linaniuma. Shaka ilikuwa kubwa kiasi cha kumwandikia waziri, lakini haikutosha kumwondolea mtu hukumu ya kifo.

Kanuni hiyo ilitutawala hadi Katiba ya 2010. Ibara ya 50(4) sasa inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi uondolewe, ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au kutadhuru utoaji wa haki. Ibara ya 31 inalinda mawasiliano ya mtu. Ukizisoma pamoja utadhani shauri la kurekodi kwa siri limekwisha. Wakili wangu anasema hapo ndipo kazi yake inapoanza, kwa sababu neno "ikiwa" linamwachia hakimu kila kitu.

Alinieleza jinsi sauti inavyoingia kwenye kesi za rushwa. Mlalamishi huenda kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Hupewa kinasa sauti kidogo, afisa akikikagua kwanza kuona kwamba hakina kitu ndani. Mlalamishi anakwenda kuzungumza na mshukiwa, anarudi, wanasikiliza pamoja. Baadaye noti zinapakwa unga maalumu, anazipeleka, na mikono ya mshukiwa inapanguswa kwa pamba ili maabara itafute unga huo. Mazungumzo yanahamishiwa kwenye diski, yanaandikwa neno kwa neno, yanatafsiriwa kama si ya Kiingereza, na pembeni mwa kila mstari kunatajwa nani amesema. Mwisho kunaambatishwa cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, chenye sahihi ya mwenye dhamana, kueleza kifaa gani kilitumika na kwamba kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Zimekuwapo diski zilizokataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Lakini mama huyu hapotezi muda mwingi kwenye cheti. Swali lake la kwanza kwa mteja ni hili: umeshasema nini? Wengi wamejimaliza kabla ya kumfikia. Wanaitwa ofisini au kituoni, wanawekewa sauti dakika moja, na hapo hapo wanaanza kujieleza: nilikuwa natania, sikumaanisha hivyo, yeye ndiye aliyeanza. Hawajui kwamba kazi ya kwanza ya upande wa mashtaka ni kuthibitisha sauti ile ni ya nani, nao wameshaifanya bure. Anayejieleza amekubali kwamba aliyekuwa akizungumza ni yeye. Ushauri wake ni mfupi: usikubali, usikane, usifafanue. Toa jina lako, omba wakili, nyamaza.

Pili anataka mazungumzo yote, tangu kifaa kilipowashwa. Nani alitaja pesa kwanza? Kuna mialiko mingapi kabla ya ule uliokubaliwa? Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilizuia mashtaka ya rushwa kwa sababu mshtakiwa alikuwa ameshawishiwa kutenda kosa ili akamatwe. Kipande kilichokatwa katikati hakiwezi kuonyesha hilo.

Tatu, na hapa sauti yake ilipanda, ni polisi anayemrekodi mshukiwa kwa siri ukumbini au ndani ya gari. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri kosa hakupokelewi isipokuwa kumetolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa asiyepungua cheo cha Inspekta, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwapo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kwa maoni yake, simu iliyofichwa mfukoni inapitisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho sheria imekataza mbele. Kuruma alipekuliwa na wasio na cheo, na London ikasema haidhuru. Anataka mahakama zetu ziseme wazi kwamba inadhuru.

Nilimwuliza basi kuhusu dereva wa matatu anayemrekodi askari akidai hongo. Kwa mtu kama huyo simu ni shahidi pekee. Naye aondolewe mahakamani? Alikiri kwamba angependa sauti hiyo ipokelewe, na kwamba hapendi jibu lake libadilike kwa kutazama nani ameshika simu. Ametafuta mstari wa kutenganisha mtu anayerekodi mazungumzo yake mwenyewe na mtu wa tatu anayenasa ya wengine, lakini Katiba haikuuchora. Katika kesi ya pili ya urais ya 2017, Mahakama ya Juu iliziondoa nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi kwa sababu ya namna zilivyopatikana. Je, kinga hiyo ya taasisi kubwa itamfikia kondakta aliyerekodiwa na bosi wake?

Na sasa kuna programu zinazoiga sauti ya mtu kutokana na sampuli fupi. Serikali ina maabara yake ya uchunguzi. Mshtakiwa wa kipato cha chini, mtaalamu wake atalipwa na nani? Wakili hakuwa na jibu, nami sina.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoitwa na kuwekewa sauti inayodaiwa kuwa yako, kumbuka kwamba ibara ya 49 inakupa haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na ukishtakiwa, ibara ya 50 inakupa haki ya kuufikia mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea. Dai kifaa chenyewe, dai mazungumzo tangu mwanzo, dai kuambiwa nani alirekodi na kwa idhini gani. Mpaka wakili wako awe ameketi karibu nawe, usiseme kama sauti hiyo ni yako.