Samaki Wetu na Adui Yetu Mbu

Muhula uliopita wanafunzi 7 wa bweni letu waliugua malaria, na jirani yangu wa kitanda alikosa mitihani yote ya majaribio. Wengi wetu tulililaumu bwawa la samaki lililo nyuma ya bustani ya shule. "Lifukiwe!" ndiyo sauti iliyosikika bwaloni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Mwalimu wetu wa Biolojia akatuuliza, "Je, mmekwenda kutazama?" Basi nikaenda, na hapa nitaeleza niliyoyaona.

Mbu jike hutaga mayai yake majini. Mayai hayo huanguliwa yakawa viluwiluwi, na viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala juu ya uso wa maji vipate kuvuta hewa. Baada ya wiki moja au mbili hivi, huwa mbu kamili. Kwa hiyo ni rahisi kumshinda mbu angali majini, maana hana mabawa ya kumkimbia adui. Na adui wake mmoja ni samaki mdogo.

Nilichukua mabeseni mawili, nikatia maji na viluwiluwi 50 katika kila moja. Katika beseni la kwanza niliongeza vifaranga 3 vya perege, kisha nikayafunika yote mawili kwa chandarua. Asubuhi yake, beseni la perege halikuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Katika lile la pili vilikuwa vikichezacheza kama jana yake.

Wataalamu nao walilijaribu jambo hili huko Kisii, nchini Kenya. Walitia sato katika mabwawa yaliyoachwa bila samaki, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mbona, basi, sisi tuliugua? Nilizunguka bwawa letu na kikombe, nikichota hapa na pale. Penye maji wazi sikupata kitu. Ukingoni, penye majani marefu ambayo samaki hawezi kuyapenya, nilipata viluwiluwi. Vingi zaidi nilivipata karibu na bomba la kufulia, katika vidimbwi na nyayo za ng'ombe, mahali ambapo samaki hawezi kuishi. Kosa halikuwa la bwawa. Lilikuwa letu sisi tuliokwepa zamu ya kufyeka.

Nilipokwenda likizo nyumbani Handeni, babu aliniomba nimletee samaki wa kutia katika lambo letu. Nilimweleza mambo mawili. Kwanza, lambo hilo hukauka kiangazi. Samaki watakufa, na mvua ikirudi mbu watarudi peke yao. Pili, samaki wa kigeni aweza kuwadhuru wenyeji. Gambusia, samaki mdogo wa asili ya Marekani, alipelekwa nchi nyingi ili ale viluwiluwi, naye akala pia mayai na vifaranga vya samaki aliowakuta. Nasi tunaye wa kumtunza: katika mto Pangani yumo perege ambaye tangu mwaka 1955 wataalamu humwita kwa jina la Korogwe yetu. Sato wa kuletwa huweza kuzaana na perege huyo, na mbegu ya asili ikapotea. Babu alicheka, akasema, "Haya, mjukuu wangu, tuanze na vidimbwi."

Ndivyo tulivyofanya hapa shuleni pia. Jumamosi moja tulifyeka ukingo wote wa bwawa na kuvifukia vidimbwi vya bombani. Bwawa halikufukiwa, na perege wamo kazini. Lakini samaki ni msaidizi tu; chandarua tusikiache, na mwenye homa aende kupimwa mapema.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka mwisho wa mwaka. Wadogo zetu, bwawa na panga la kufyekea tunawaachia ninyi.