Fahamu: Kuweka jiko la Upesi penye mafiga ya zamani

Nyumba nyingi za vijijini Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, bado zinapikia mafiga matatu. Upepo hupiga moto pande zote, joto hupotea na moshi hubaki ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kina mama na watoto ndio wanaouvuta zaidi. Kuacha kuni na kuhamia makaa nako si rahisi: Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda.

Huhitaji kubomoa jiko lako. Magharibi mwa Kenya wafinyanzi, wengi wao wanawake, hutengeneza jiko la Upesi: kasha la udongo uliochomwa, lenye mlango mmoja wa kuni. Huwekwa penye mafiga, likazungushiwa mawe na udongo mzito, kisha huachwa likauke kabisa. Ukiliwasha mapema, udongo hupasuka. Nchini Uganda wengine hujenga jiko la Lorena, linalofinyangwa papo hapo na kuwekewa bomba la moshi.

Upesi hupunguza kuni, lakini halina bomba. Toboa dirisha jikoni, tumia kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, na zoa majivu kila siku.