Furaha ya Uzeeni: Kihamba, Jirani na Benchi la Kukalia



Kila mwaka kuna siku mbili ambazo kamati zetu huziandalia zawadi za wazee. Ya kwanza ni Siku ya Mababu, Bibi na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na Papa Fransisko mwaka 2021 na ambayo huadhimishwa Jumapili ya nne ya mwezi Julai. Ya pili ni tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Zawadi zenyewe tunazifahamu: sukari, mchele, sabuni, na blanketi kwa wale wanaokaa juu kwenye baridi. Ni vitu vyema, na wanaovitoa tunawashukuru sana.

Hata hivyo, tukikaa na wazee wa huku Kilimanjaro na kuwauliza siku zao zinakwendaje, wachache huanza na sukari. Wengi huanza na migomba yao, kisha hutaja mtu: fulani yuko bado, au fulani alifariki, na tangu hapo hakuna wa kuzungumza naye. Tunaona mambo haya mawili, kihamba na rafiki, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya utulivu wa mtu mzima wa huku. Mipango yetu kwa wazee ikiyasahau, blanketi litampa joto la usiku tu.

Kwa wafadhili ambao hawajapata kupanda mlima wetu, kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Mbuzi au ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani, na mbolea yake hurudi kwenye migomba. Mpaka huoteshwa masale, mmea ambao Mchagga huutumia pia kuomba msamaha: anayekuletea jani la isale amekuja kwa amani, na kumkatalia ni jambo zito. Kilimo cha namna hii kina thamani hata nje ya nchi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Sababu ya kihamba kumfaa mzee ni rahisi. Kazi yake iko karibu na mlango, nayo hupungua kadiri nguvu zinavyopungua bila kuisha. Aliyeshindwa kushika jembe anaweza kung'oa majani makavu ya mgomba. Asiyeweza kwenda mbali kukata majani ya mbuzi anaweza kuwatupia maganda ya ndizi. Katikati ya mwaka kahawa inapoanza kuiva, anachuma matawi ya chini na kuwaachia vijana ya juu. Tena mgomba haumkatishi tamaa mtu mwenye umri mkubwa, kwa kuwa ukikatwa huku chipukizi limeshasimama pembeni. Tumemsikia bibi mmoja akiwahesabia wageni machipukizi yake kwa majina ya wajukuu, na kulikaripia moja kwa uvivu. Vicheko vya namna hiyo havipatikani katika ghala la msaada.

Pamoja na hayo, kihamba peke yake hakitoshi. Mtu anaweza kukaa katikati ya migomba mizuri akanyongea. Zamani, na mahali pengi hadi leo, wazee walikuwa na njia zao za kukutana: mbege ya jirani, foleni ya kupima kahawa kwenye chama cha msingi, kibaraza baada ya Misa, na jumuiya ndogo ndogo inayozunguka nyumba kwa nyumba. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa juu ya bei ya kahawa au mvua iliyochelewa. Lakini anayezungumza na mtu wa rika lake hahitaji kueleza fulani alikuwa nani, wala ule mfereji ulichimbwa na ukoo upi. Anaeleweka kabla hajamaliza sentensi.

Watafiti nao wamefika huko huko kwa njia ndefu. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya kundi la vijana wa kiume, na kimeendelea nao hadi uzeeni, na baadaye hata na watoto wao. Jambo lililojitokeza kwa nguvu ni kwamba watu wenye uhusiano mwema na wenzao huzeeka wakiwa na furaha na afya zaidi kuliko waliotengwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili pia. Babu zetu wasingeshangaa.

Sasa tuseme yanayovunja furaha hii, maana hapo ndipo kamati zina kazi.

La kwanza ni mwezi Januari. Kila msomaji wa huku anajua mlima unavyojaa Desemba: magari kutoka Dar es Salaam na Arusha, mbuzi, ndafu, vipaimara, harusi, watoto wasioijua lugha ya bibi yao wakikimbia kihambani. Kisha katika juma moja wote wanaondoka. Mzee aliyekuwa na watu ishirini mezani anabaki na redio na mjukuu mmoja, au redio peke yake. Wanaowatembelea wazee wanasema Januari na Februari ndipo huwakuta wamenyamaza zaidi, na bado miezi hiyo haimo katika ratiba ya kamati nyingi, kwa sababu fedha zote zilikwenda Julai, Oktoba na Krismasi. Tungependa jambo hili lijadiliwe kwa uzito.

La pili ni wema wa watoto wenyewe. Mtoto aliyefanikiwa mjini humchukua mama yake akaishi naye, na nia yake ni njema kabisa. Mama anapata chumba, televisheni, chakula kizuri na hospitali iliyo karibu. Asubuhi wote wanatoka kwenda kazini na shuleni, geti linafungwa, naye anakaa. Hakuna wa kumsalimia kwa Kichagga wala jani la kuokota. Hatusemi mgonjwa asipelekwe mjini, la hasha. Ila tunaona si haki kuamua jambo hilo katika kikao cha ukoo ambacho mwenyewe hakuulizwa. Akiulizwa, huenda akasema aende akatibiwe na arudi kabla kahawa haijaiva. Paroko na wanakamati wana sauti ya kusikilizwa katika vikao hivyo, na waitumie.

Mengine ni madogo, tena yanatibika. Macho yenye mtoto wa jicho humfungia mtu ndani kama kufuli, na wengi hudhani ni uzee tu, kumbe upasuaji wake ni wa muda mfupi na huweza kurudisha uwezo wa kuona. Njia ya mteremko wakati wa masika huteleza kiasi kwamba jirani wa hatua mia mbili anakuwa kama yuko ng'ambo. Ngazi chache zilizochongwa kwenye udongo na mti wa kushika vijana wa parokia wanaweza kuzimaliza Jumamosi moja. Na vijana hao hao wasiishie kutoa shikamoo ya mbio mbio wakiwa njiani. Waingie, wakae, waulizwe wao ni watoto wa nani.

Kuna mfano kutoka Zimbabwe unaotuvutia. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayelikalia, likaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zingatieni nani alikuwa anamsaidia nani: wazee ndio waliokuwa wakitoa.

Kwa hiyo parokia inayopanga bajeti ya wazee ingeweza kupunguza kidogo fungu la Oktoba, ikaweka fungu la Januari, na kutoka humo ikatengeneza benchi moja chini ya mti mkubwa ulio kati ya nyumba za wazee, si mbele ya ofisi ya parokia ambako itawabidi kupanda mlima kulifikia. Mbao na mafundi tunao. Fundi aambiwe tu aweke kiegemeo cha mgongo na mahali pa kushika kwa mikono pande zote mbili, kwa kuwa kwenye benchi tupu mzee hukaa vizuri, akashindwa kuinuka.