MARADHI YA HISIA YENYE PANDE MBILI



Kila mtu ana siku zake za huzuni na za furaha, na hayo si maradhi. Lakini yako maradhi ya hisia ambayo mtu hukaa wiki mbili au zaidi moyo wake u mzito kila siku: usingizi haumjii, chakula hakimwingii, kazi imemshinda, na pengine hutamani kufa. Haya huitwa sonona. Asiyejua humwita mgonjwa mvivu.

Wako wengine ambao maradhi yao yana pande mbili. Baada ya muda wa uzito huja siku ambazo mgonjwa hulala kidogo mno wala hachoki, husema upesi kupita kiasi, hujiona tajiri, na hasikilizi la mtu. Hapo ndipo awezapo kuiweka rehani mikarafuu ya watoto wake, au kuziuza karafuu zikali mtini kwa bei ya kutupa. Hali hiyo ikipita, hubaki na deni na aibu.

Yafaa kuzijua pande zote mbili, kwani matibabu yake si mamoja. Aghalabu mgonjwa hupelekwa kwa daktari akiwa mzito, akapewa dawa ya sonona. Kwa mwenye pande mbili, dawa hiyo peke yake yaweza kumtupa upande wa pili. Basi anayemsindikiza na aseme wazi: "Mwaka jana alikaa wiki nzima karibu bila kulala, akauza vitu vya nyumbani."

Dawa ya sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, wala haiachwi mara nafuu ipatikanapo. Kwa pande mbili ziko dawa za kutuliza hisia. Mojawapo ni lithiamu, chumvi ya madini ambayo Daktari John Cade wa Australia alitangaza faida yake mwaka 1949. Kipimo kinachofaa na kinachodhuru vimekaribiana, kwa hiyo damu hupimwa. Mwenye kuitumia akichuma karafuu juani, akatoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa huzidi mwilini. Anywe maji, asiache chumvi ghafla, wala asimeze ibuprofeni au diklofenaki bila kumwuliza daktari. Akitapika, akitetemeka na kupepesuka, apelekwe hospitali mara moja. Mwanamke anayetarajia kuzaa amweleze daktari, maana baadhi ya dawa hizi hudhuru mimba.

Kumfunga mtu kamba si dawa. Dua na iendelee, haizuii vidonge. Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, hutibu maradhi haya. Aliye mbali na aanzie hospitali ya karibu. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake.

Mwisho, mgonjwa akiwa mzima, akae na jamaa zake wapatane: hati za shamba ziwekwe kwa nani, na nani atamwambia, "Ndugu yangu, twende kwa daktari," naye akubali.