Sahani ya usiku huanzia asubuhi

Katika kilima cha Mulago, Kampala, madaktari wamepambana na njaa kwa miongo mingi. Hapo ndipo kilipo kitengo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo. Hapo pia daktari Hugh Trowell alichunguza kwashiakoo kabla ya yeye na wenzake kutoa kitabu chao juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Kisha mwaka 1985 daktari David Serwadda na wenzake wakaandika juu ya maradhi mapya yaliyokuwa yakiwakondesha watu wa kusini mwa Uganda, ambayo wananchi waliyaita "slim". Ndiyo UKIMWI. Kwa hiyo mtu anayenenepa mara nyingi hupewa hongera, na anayekonda hutazamwa kwa hofu.

Katika mazingira hayo ni vigumu kwa mtu mzima kumwambia daktari: nakula mpaka tumbo linauma, na siwezi kuacha. Anajua atakachojibiwa. Ataambiwa ana ulafi, au ashukuru Mungu kwamba ana cha kula.

Kumbe ulaji huo usiozuilika ni tatizo la afya ya akili, na linatibika. Mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliliingiza katika mwongozo wao kama ugonjwa unaojitegemea, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo inalitambua. Hoja si kushiba sana siku ya harusi au Krismasi. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akijiona hana uwezo wa kusimama, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Hula haraka, hula bila njaa, hula akiwa amejificha, na baadaye hujichukia. Wengine ni wanene, wengine hawana unene wowote, kwa hiyo mizani peke yake haiwezi kumtambua.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa Kampala anayetoka nyumbani alfajiri kuwahi foleni ya magari. Amekunywa chai kavu. Jana usiku alikula kupita kiasi, hivyo leo ameapa kutokula mchana. Jioni anapita Wandegeya, chapati zinageuzwa kwenye kikaango, mayai yanapigwa, anakula rolex mbili akiwa amesimama. Akifika nyumbani anakuta matoke na mchuzi wa karanga, anakula na familia kana kwamba hajala kitu. Wote wakilala, anarudi jikoni. Kesho anaapa tena.

Mzizi uko kwenye kile kiapo. Watu wengi hudhani kujinyima ndiyo dawa, kumbe ndiko kunakolisha ugonjwa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa karibu miezi sita. Wakawa wanaota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula kiasi cha kutisha na bado wakasema hawajashiba, na hali hiyo iliendelea kwa wiki nyingi. Hawakuwa walafi kabla ya hapo. Mwili ulionyimwa ulikuwa ukidai chake.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza katika tiba ya fikra na mwenendo ya matatizo ya ulaji, iliyojengwa na Christopher Fairburn wa Oxford, huwashangaza wagonjwa: wanaambiwa wale. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi na tumbo tupu. Kwa Kampala hiyo inaweza kuwa uji au katogo asubuhi, ndizi mbivu saa nne, posho na maharage mchana, karanga kidogo kabla ya kupanda teksi. Hata baada ya usiku mbaya, kifungua kinywa hakirukwi. Nalisisitiza hili kuliko yote, kwani ndilo watu hulipuuza upesi.

Pamoja na hayo, mgonjwa huandika katika daftari alichokula, saa, mahali, na kilichokuwa moyoni. Baada ya wiki chache mambo huanza kuonekana: ugomvi nyumbani, kodi ya nyumba, upweke wa Jumapili jioni. Hamu ya kula nayo huwa na kilele, kisha hupungua. Anayetoka jikoni akampigia dada yake simu au akaenda kuketi na jirani mara nyingi huikuta imepoa.

Na katika tiba ya vikundi Uganda ina cha kujivunia. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakizungumzia misiba, migogoro na mabadiliko ya maisha. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya 54.7 kwa wasioshiriki. Utafiti ule haukuhusu ulaji. Lakini mwaka 2002 Denise Wilfley na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba tiba ya aina hiyohiyo, ikifanywa kwa vikundi, hupunguza ulaji usiozuilika karibu sawa na tiba ya fikra na mwenendo. Njia tunayo tayari, na watu waliofundishwa kuiendesha wapo. Naamini kliniki za kisukari zingeanza kuwauliza wagonjwa kuhusu ulaji huu, vikundi hivyo vingeweza kuwapokea wagonjwa hawa pia.

Mwenye kisukari asibadilishe milo yake bila daktari wake, hasa akitumia insulini. Anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula ana hatari nyingine, ikiwemo ya moyo, na asisubiri. Ukifika hospitali ya Mulago, au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, usiseme tu kwamba unataka kupungua uzito, maana utapewa karatasi ya lishe na kurudishwa nyumbani. Sema: nakula nikiwa nimejificha, nashindwa kuacha, imetokea mara kadhaa mwezi huu. Kisha omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili.