Nyama Ikiharibika, Kabeji Itaichoma

Wasee, mnakumbuka 2019 vile NTV ilitoa ile makala ya "Red Alert"? Kanairo nzima ikaskia kuna nyama za supa zinawekwa sodiamu metabisulfaiti ndio zikae nyekundu hata kama zimelala. Mtaani watu walikula sukuma hiyo wiki kama wameokoka.

Sasa cheki. Kama rangi ya nyama inaweza kukudanganya, si uweke rangi ingine kando yake, moja haiwezi hongwa?

Hiyo rangi iko kwa kabeji ya zambarau, inaitwa antosayanini. Jaribu kejani: katakata kabeji, chemsha, gawa ile maji kwa vikombe mbili. Moja finyia ndimu, inakuwa pinki. Ingine tupia magadi, ile ya githeri, inakuwa bluu, ukizidisha inaenda kijani. Maze, ni kama uchawi lakini ni sayansi ya form one.

Samaki nayo ikianza kuoza, bakteria zinavunja protini na vitu vingine ndani yake na kutoa gesi kama amonia na trimethilamini, hiyo ya mwisho ndio ile harufu unajua. Kwa rangi, hizo gesi zinafanya kazi ya magadi. Kwa hivyo wasayansi wanachanganya antosayanini na wanga wa mihogo, ama kitosani ya maganda ya kamba na kaa, wanapata karatasi laini ya kupakia dishi. Kikinuka ndani, luku inabadilika kabla hujafungua. Manjano pia iko kwa mbogi: kurkumini yake inatoka yelo inaenda nyekundu ya kahawia. Na hazikai tu hapo zikichoma picha. Antosayanini inachelewesha mafuta kuchacha, kurkumini na kitosani zinapiga bakteria. Ukishadishi, karatasi inaoza kwa mchanga, tofauti na zile trei za plastiki. Gava ilipiga juala marufuku 2017, faini hadi milioni 4, lakini trei bado zimejaa supa.

Hapa kwetu malighafi haiwezi kuwa ngori. Watafiti wa chai wa Kericho walitoa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka wa 2011, na hiyo zambarau ni antosayanini hiyo hiyo. Tunainywa tukidai afya. Mimi naona majani mengine yangeenda kwa pakiti.

Shida ziko. Jua ikipiga hiyo rangi inafifia, na karatasi ya wanga ikishika maji inalegea kama chapo ya jana. Halafu kuna msee macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, huyo utamsaidia aje?

Lakini yenye inanisumbua zaidi ni stika. Wengine wanataka kuweka rangi kwa kastika kadogo juu ya pakiti. Kwa hii Nairobi? Mtu atabandua usiku, abandike ingine mpya, asubuhi nyama "imefika leo". Hapana. Rangi iingie kwa karatasi yenyewe, yenye imeshika nyama, ndio mwenye anataka kudanganya alazimike kupakia upya kila kitu.