Kubainisha Mwelekeo wa Umeme wa Moyo katika Elektrokadiogramu: Ufafanuzi kwa Mfano wa Safari za Boti za Kibirizi

1.0 Utangulizi

Katika hisabati, neno mhimili hutaja mstari wa rejea. Katika matumizi ya kila siku hutaja nguzo isiyotikisika, kama isemwavyo mihimili mitatu ya dola. Istilahi "mhimili wa umeme wa moyo" hubeba maana hizo zote mbili, na hivyo humpotosha mwanafunzi. Kinachopimwa si nguzo, bali ni upande ambao umeme wa ventrikali huelekea kwa wastani kabla hazijasinyaa. Makala haya yanatumia istilahi mwelekeo, na yanafafanua namna ya kuubainisha.

2.0 Msingi wa Dhana

Boti itokayo mwalo wa Kibirizi kwenda Mwamgongo hufuata ufuko kuelekea kaskazini na kupita mbele ya Gombe. Anayeisubiri Mwamgongo huiona ikija. Aliyebaki Kibirizi huiona ikienda. Aliyesimama Gombe huiona ikija kwanza, kisha ikienda. Safari ni moja, mashahidi ni watatu.

Lidi za elektrokadiogramu ni mashahidi wa namna hiyo. Umeme ukiielekea lidi, wimbi hupanda. Ukienda mbali nayo, hushuka. Ukipita mbele yake kwa pembe mraba, kupanda na kushuka hulingana. Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alianza na lidi tatu: I, II na III. Baadaye ziliongezwa aVR, aVL na aVF. Lidi I hutazama kutoka nyuzi 0, yaani kushoto kwa mgonjwa. II kutoka +60. aVF kutoka +90, miguuni. III kutoka +120. aVL kutoka −30. Na aVR kutoka −150.

3.0 Hatua za Ubainishaji

Kwanza, katika mawimbi ya QRS ya lidi I na aVF, hesabu miraba midogo iliyopanda, kisha toa iliyoshuka.

(a) Zote mbili zikiwa chanya, mwelekeo ni wa kawaida.
(b) I ikiwa chanya na aVF hasi, tazama lidi II. Ikiwa chanya, mwelekeo bado ni wa kawaida. Ikiwa hasi, umepinda kushoto.
(c) I ikiwa hasi na aVF chanya, umepinda kulia.
(d) Zote mbili zikiwa hasi, umepinda kupita kiasi.

Kwa mtu mzima, kawaida ni kati ya −30 na +90.

Pili, ili kupata pembe yenyewe, tafuta lidi ambayo jumla yake inakaribia sifuri: huyo ndiye shahidi wa Gombe. Mwelekeo uko kwenye pembe mraba naye. Kwa mfano, aVL ikiwa sifuri, mwelekeo ni +60 au −120. Lidi II ikiwa chanya, jibu ni +60.

4.0 Tafsiri na Tahadhari

Kupinda kulia huweza kuashiria ventrikali ya kulia iliyoelemewa, kama inavyotokea vali ya mitrali inapobanwa kutokana na homa ya rumatiki. Hata hivyo, kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida, kwa kuwa ventrikali hiyo ilibeba kazi kubwa tumboni mwa mama.

Aidha, elektrodi za mikono zikibadilishana nafasi, lidi I hugeuka juu chini ilhali aVF haibadiliki. Moyo mzima huonekana umepinda kulia. Dalili za kosa hilo ni wimbi la P kushuka katika lidi I na mawimbi ya aVR kupanda, huku lidi za kifua zikibaki za kawaida.

5.0 Hitimisho

Mwelekeo peke yake si utambuzi wa ugonjwa. Ni ushahidi unaosomwa pamoja na hali ya mgonjwa. Kutoka Kigoma hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa hiyo, kabla ya kuandika rufaa kwa sababu ya mwelekeo uliopinda, elektrodi zikaguliwe na kipimo kirudiwe.